Kipande Kilichokatwa

Chai ilikuwa imeshapoa alipotambua kwamba alikuwa akiipuliza kwa ajili ya mtu mwingine.

Alikuwa ameketi kwenye kibanda cha chai mbele ya stesheni, begi lake dogo kalibana katikati ya miguu, na jiji la kale lote limesimama mbele yake: ukuta wa mawe uliochakaa, lango kubwa ambalo magari hayaruhusiwi kupita, na nyuma ya lango mapaa na minara iliyopandana kama watu wanaochungulia ugomvi wa jirani. Miaka yote ya ugonjwa wa mama yake alipuliza chai namna hii mpaka ikawa vuguvugu, akaionja, kisha akamnywesha kwa kijiko. Sasa mama alikuwa chini ya udongo, na mikono ya binti ilikuwa bado haijapata habari.

"Nikubadilishie, mama?" mwenye kibanda aliuliza. "Hiyo imeshakuwa maji."

"Acha tu. Nimeizoea."

"Chai ya baridi haizoeleki, mama. Inavumiliwa."

Alitabasamu, akalipa, akanyanyuka. Goti la kushoto lilimkumbusha kwamba lipo.

Kule alikotoka watu walimwita Dirisha. Jina lake la kuzaliwa lilikuwepo, ila lilikuwa la kwenye vyeti. Tangu alipomaliza shule mpaka siku jumba la sinema la mji wao lilipofungwa, alikaa nyuma ya dirisha la tiketi, na watu wakimkuta sokoni walishangaa kuona kwamba ana miguu. Juu yake, kwenye chumba kidogo chenye joto la tanuri, alikaa Fundi, mtu mrefu, mpole, mwenye masharubu, aliyeendesha mashine na kuunga mikanda iliyokatika, vidole vyake vikinuka gundi hata siku ya mapumziko.

Mikanda ilikatika sana. Filamu zilianza kuonyeshwa kwenye miji mikubwa, zikashuka kwenye miji ya kati, na zilipofika kwao zilikuwa zimeshakatwa na kuungwa kama suruali ya mtoto wa nne. Fundi alikiita kila kiungo jeraha. "Leo Bibi nimemfunga bandeji mbili," alikuwa akisema akishuka ngazi, "lakini ataendelea kuishi."

Bibi alikuwa mwanamke wa ile filamu, filamu moja ya mapenzi ambayo mji wao haukuichoka. Ilipigwa katika jiji la kale, jiji hili hili. Karibu na mwisho, Bibi amesimama juu ya ngazi ndefu, chini ya saa kubwa ya mnara. Anaanza kushuka. Hapo picha iliruka, kila siku, na watu wa viti vya mbele wakapiga mluzi. Picha ilipotulia, Bwana yuko kando ya chemchemi, kanyanyua uso, na Bibi anamwangukia kifuani, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna. Kiatu kile kilikwenda wapi, mji mzima haukujua. Wengine walisema kimeliwa na mashine. Wengine walisema Bibi alikiuza apate nauli.

Sehemu hiyo ikikaribia, Dirisha alifunga dirisha lake, akaja kusimama nyuma ya pazia la mlango. Alijua kwamba kule juu, kwenye tundu la mashine, Fundi naye anatazama. Hawakuwahi kuketi pamoja kuiangalia filamu ile. Waliiangalia pamoja hivyo hivyo, yeye chini, yeye juu, na giza lote la ukumbi katikati yao, na hapo ndipo walipopendana.

Kaka yake ndiye aliyekataa. Baba hakuwepo, kwa hiyo neno lilikuwa la Kaka, na Kaka alisema mtu anayefanya kazi gizani hajui atakula nini kukikucha. Kisha jumba likafungwa, jambo ambalo Kaka alilichukua kama ushahidi. Fundi akaenda kutafuta kazi mji mwingine, mbali. Akapiga simu kutoka huko, akamwomba amfuate. Dirisha akamwambia, "Usinipigie tena." Mwaka uleule mama akaanguka bafuni, na maisha yakawa ni maisha ya kijiko na shuka.

Simu ya pili ilikuja baada ya mazishi.

"Nimesikia habari za mama," sauti ilisema. Ilikuwa imezeeka kidogo pembeni, kama kitambaa kilichofuliwa sana. "Pole, Dirisha."

"Nimeshapoa."

"Hujapoa. Lakini sawa. Nina swali."

"Swali gani?"

"Lile lile. Ila usinijibu kwenye simu. Jibu la simu nilishalipata mara moja, na nilisikia kabisa kwamba kuna mtu amesimama karibu yako."

"Alikuwa Kaka."

"Najua alikuwa Kaka. Alikuwa anapumua kwa nguvu kuliko wewe."

Dirisha alijikuta anacheka, peke yake, katika nyumba ambayo ilikuwa imesahau kicheko.

"Jumamosi nitakuwa kwenye lile jiji letu," Fundi alisema. "Wewe uko upande huo, mimi upande huu, lenyewe liko katikati. Saa kumi, pale kwenye ngazi na chemchemi. Ukija, nimejibiwa. Usipokuja, nimejibiwa vilevile, na sitakusumbua tena. Narudi zangu na treni ya saa kumi na mbili. Simu nitaizima nikitoka nyumbani, usije ukapata njia ya mkato."

"Na nikipotea?"

"Utapoteaje, wewe? Pale umepaona mara ngapi?"

Hilo lilikuwa kweli. Mahali pale alipajua kuliko jiko lake.

Sasa alipita chini ya lango kubwa, akiwa na saa nzima ya kungoja na hana wa kuitumia naye. Jiji lilikuwa limejifunza kujiuza. Kila kona yenye historia ilikuwa na kibao, na kila kona iliyoonekana kwenye filamu ilikuwa na kibao kingine chenye picha ya kamera. Aliuona ukumbi wa soko wenye matao, ambako Bwana anampoteza Bibi kwenye msongamano. Matao yalikuwa yaleyale, ila chini yake siku hizi waliuza mikoba na simu. Aliiona maktaba ya zamani yenye milango ya shaba iliyosuguliwa na mikono ya watu. Aliona nyumba ya hakimu aliyekufa zamani sana, na kichochoro chembamba cha ile mvua ya kwenye filamu, ambacho siku hiyo kilikuwa kikavu, nguo za mtu zikikauka juu yake.

Kila alipokuta kitu alichokijua, aligeuka. Hakugeukia popote hasa. Mwili tu ulitaka kumwambia mtu, "Si unaona?" na pembeni hapakuwa na mtu.

Kwenye kichochoro, kijana mmoja na mchumba wake walimnyoshea simu.

"Mama, samahani, tupigie picha."

Akawapiga. Waliangaliana badala ya kuiangalia simu, ikabidi awapige tena.

"Na wewe simama tukupige, mama. Umekuja na nani?"

"Kuna mtu nakutana naye."

"Basi simama hapo, umwonyeshe ulivyomngoja."

Akasimama. Hakujua mikono aiweke wapi. Aliishika mbele, akaiweka nyuma, mwisho akalishika begi kifuani kama mtoto, na msichana akasema, "Tabasamu, mama," na akatabasamu, lakini alipoonyeshwa picha aliona mwanamke anayengoja zamu yake hospitali.

Maneno ya Kaka yalikuwa bado yamemkaa. Jana yake alikuja wakati anakunja nguo, akaketi kwenye kitanda cha mama, kilichokwisha kuvuliwa shuka.

"Safari ya wapi?"

"Kutembea. Kuona majengo ya kale."

"Majengo." Kaka alilitafuna neno. "Jengo lenyewe bado lina masharubu, au siku hizi limenyoa?"

"Sijui. Ndiyo naenda kuona."

"Udongo wa mama haujakauka, dada'angu."

"Najua. Nilikuwepo ukimwagwa."

"Watu watasema ulikuwa unangoja afe."

Mikono yake ilisimama juu ya blauzi. Kaka hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na moyo mzuri na mdomo wa wembe, na wembe haujui umekata nini.

"Waseme," alimjibu. "Alipokuwa akigeuzwa ubavu usiku na mchana hawakusema kitu. Na wewe hukusema kitu, Kaka. Ulikuja Jumapili, ukaketi hapo hapo ulipoketi, ukanisifu."

Kaka aliinuka akaondoka bila kuaga. Dirisha alifunga zipu ya begi akijiona ameshinda. Lakini njia nzima, magurudumu ya treni yakigonga chini yake, lile neno lilirudi likamkalia mapajani. Ulikuwa unangoja. Ulikuwa unangoja.

Chemchemi aliipata kwa kumuuliza askari, naye akanyosha mkono bila kumwangalia, kama mtu aliyenyosha mkono huo tangu azaliwe.

Ilikuwa kwenye uwanja mdogo wa mawe mbele ya makumbusho.  Ilikuwa yenyewe. Yule simba wa jiwe asiye na pua, yale maji yanayomwagika upande mmoja zaidi ya mwingine, na ule ukingo mpana ambao Bwana aliegemea. Akaugusa. Ulikuwa wa baridi, na kuna mtu alikuwa ameacha juu yake kopo la soda.

Ngazi zilimsumbua kidogo. Zilikuwepo, kwenye mlango wa makumbusho, lakini chache na pana, na juu yake hapakuwa na saa. Katika kumbukumbu yake Bibi alishuka kutoka mbinguni. Sinema hukuza mambo, alijiambia. Hata yeye, kwenye dirisha lake dogo, watu walidhani ni mnene. Na saa huenda iliwekwa kwa ajili ya filamu, ikaondolewa.

Akachagua sehemu ya ukingo iliyo kavu, akaketi palepale alipoegemea Bwana.

Saa kumi ililia. Sauti ilitoka mbali, ng'ambo ya mto, ikafika kwake ikiwa imechoka.

Alinyosha sketi. Alitazama kila mwanaume mrefu. Mmoja alikuja moja kwa moja kuelekea kwake, masharubu na yote, kisha akainama akalichukua kopo la soda, akalitupa pipani, akaenda zake. Wageni walikuja, wakapiga picha, wakaondoka. Njiwa mmoja alitembea mbele yake, akarudi, akatembea tena, kama mtu aliyeahidiwa kazi.

Hakuja.

Labda treni imechelewa. Labda amekuja, ameniona kwa mbali, ameona nilivyo, akageuza. Hilo la pili lilimchoma, na kwa kuwa lilimchoma akalirudia, kama ulimi unavyolirudia jino bovu. Alijaribu kumpigia. Simu ilikuwa imezimwa, kama alivyosema. Fundi alikuwa mtu wa kufanya alichosema.

Kisha, dakika zikizidi kupita, alihisi kitu kilichomtia aibu. Alihisi nafuu. Nyumba yake aliijua. Aliijua baridi ya upande wa pili wa kitanda, aliujua mlio wa friji unaoanza kila jioni kama mtu anayejisafisha koo. Akirudi, hatalazimika kumwelezea mtu chochote. Kaka atakuja Jumapili. Hakuna atakayesema neno. Nusu ya mwili wake ilishaanza kulitafuta begi.

Hapo ndipo mwavuli wa njano ulipoingia uwanjani. Hapakuwa na mvua. Chini ya mwavuli alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa, na nyuma yake kundi la wageni wenye kofia.

"Haya, jamani, chemchemi ya Bwana. Msisukumane, haiendi popote. Mama, samahani, usiondoke, endelea kukaa, unatupa kipimo. Hapo alipokaa huyu mama ndipo Bwana aliposimama akamtazama Bibi akija. Nani alilia hapo?"

Mikono kadhaa ilinyanyuka.

"Mlimlilia ufagio," mwongozaji alisema. "Bibi hakuwepo. Siku hiyo Bwana alipigwa picha peke yake; lile kumbatio lilipigwa siku nyingine. Walifunga leso kwenye ufagio, mtu akaunyanyua pale, ili Bwana ajue macho ayaelekeze wapi. Yale mapenzi yote, ufagio."

Watu wakacheka.

"Na Bibi alikuwa wapi?" mzee mmoja aliuliza.

"Bibi tunamfuata sasa. Kwenye ngazi za mnara wa saa, ng'ambo ya mto."

Dirisha alisimama. "Samahani, dada. Ngazi si hizi?"

"Hizi?" Mwongozaji aliangalia mlango wa makumbusho. "Hizi mtoto anaziruka, mama. Zile za Bibi ukizipanda unakumbuka dhambi zako zote."

"Lakini anashuka ngazi, mara moja yuko hapa kwenye chemchemi."

"Mara moja? Anashuka ngazi, anakimbia daraja lote. Kiatu kinamtoka katikati, anageuka akitazame, anakiacha. Mama, hiyo ndiyo sehemu yenyewe. Watu wanatoka mbali kuja kuliona daraja."

"Hakuna daraja."

Sasa kundi zima lilikuwa linamtazama.

"Nimeiangalia filamu hii ujana wangu wote," alisema. "Hakuna daraja."

"Labda unaichanganya na nyingine, mama," mwongozaji alisema kwa upole, upole ule wa kuzungumza na wagonjwa.

"Kiatu," Dirisha alisema. "Anafika na kiatu kimoja."

"Ndiyo. Si nimekwambia? Kingine kipo darajani."

Akasikia mluzi wa viti vya mbele. Akaiona picha ikiruka, kila siku, mahali palepale, na Fundi akishuka akipangusa vidole: Bibi nimemfunga bandeji. Mkanda ulifika kwao ukiwa umeshakatwa. Katika mji fulani mkubwa, kabla yao, mtu aliuchana au aliuunguza, akatoa kipande kizima cha daraja, akaunga ngazi na chemchemi, akanyamaza. Na mji wao, wao peke yao duniani labda, waliamini kwamba chini ya ngazi zile kuna chemchemi.

Yeye alikuja alipokuwa akisimama Bwana, kwa sababu hakuwahi kumtazama mwingine. Na Fundi, kule juu kwenye tundu lake, alikuwa akimtazama nani?

"Dada, daraja liko wapi?"

"Tunakwenda wote, mama, taratibu, kwanza niwaeleze habari za huyu simba..."

"Liko wapi?"

Mwavuli ulionyesha njia, naye akaenda.

Daraja lilikuwa refu, refu kwa makusudi, la mawe, lenye taa pande zote. Jua lilikuwa limeshuka upande mmoja wa mto. Na darajani kulikuwa na watu wengi, wengi wao mguu mmoja peku. Walikuwa wanavua kiatu, wanakiacha, wanakimbia kidogo, wanacheka, wenzao wanawapiga picha, wanarudi kukifuata. Dirisha alipita katikati yao akiwa na viatu vyake vyote viwili, begi likimgonga nyonga, goti likimchoma kila hatua. Alikuwa peke yake aliyekimbia kweli, ingawa wa kando angeona mwanamke wa makamo anayetembea haraka.

"Vua kiatu, mama," kijana mmoja alimpigia kelele, kwa wema. "Kimoja tu."

Wengine wakampigia makofi. Hakuwa na pumzi ya kuwajibu. Katikati ya daraja aliangalia mbele, akauona mnara, akaiona saa, na chini yake zile ngazi, ndefu, nyeupe, kama alivyozijua. Zilikuwa upande huu muda wote. Saa iliyolia ng'ambo ilikuwa ikimwita, naye alikaa akatazama njiwa. Mishale sasa ilikuwa imepita saa kumi na moja.

Chini ya ngazi palikuwa na bomba la maji la chuma, watalii wakijaza chupa. Hapakuwa na mtu mrefu. Akaanza kupanda. Alishika ukuta. Alipumzika, akapanda tena. Alimtazama kila aliyeketi, wapenzi, wanafunzi, baba mmoja na mtoto aliyelala, na alipofika karibu na juu alikuwa ameshaanza kujiandaa kushuka.

Alimjua kwa mabega. Alikuwa ameketi pembeni kabisa, kageukia kando, mgongo kwake, begi kwenye magoti, kofia juu ya begi. Nywele zilikuwa zimeingia mvi nyuma, mahali ambapo mtu hawezi kujiona mwenyewe.

"Fundi."

Hakugeuka upesi. Alikaa vilevile, kama mtu anayehofia kwamba akitikisika sauti itakatika. Kisha akageuka. Masharubu alikuwa amenyoa.

"Nilikuwa nimeshajibiwa," alisema.

"Nilikuwa kwenye chemchemi."

"Chemchemi si ile pale chini?"

"Lile ni bomba, Fundi."

"Nikasema labda sinema inakuza mambo."

"Na mimi nikasema hivyo kuhusu ngazi." Pumzi ilimwishia. Akaketi, si karibu naye sana, nafasi ya mtu mmoja kati yao. "Kuna daraja. Anakimbia darajani, kiatu kinamtoka. Sisi hatukuliona."

"Daraja?" Alilitazama, lile pale, likinyooka chini yao na watu wake wadogo wenye mguu mmoja. Uso wake ukawa uso wa kazi. "Anakimbia lote?"

"Lote."

"Basi walikata mkanda mrefu. Mimi nilidhani jeraha lile ni la hivi." Akapima kwa vidole viwili. "Miaka yote naliunga vizuri, nabana, napaka gundi, najisifu. Kumbe nilikuwa naufunga mlango na watu wako nje."

"Hukuukata wewe."

"Sikuuliza pia."

 Chini mwavuli wa njano ulikuwa umeanza kuvuka daraja.

"Nilisimama kwenda," Fundi alisema. "Nikasema nikae kidogo nipumzishe miguu, halafu niende. Nikasimama tena. Nikakaa tena. Yule mlinzi ameanza kunitilia shaka."

"Fundi, nikwambie kitu?"

"Niambie."

"Nilipokukosa pale, kuna wakati nilishukuru." Hakumtazama. "Kidogo. Nimezoea kuwa peke yangu mpaka mtu akikaribia nahisi kama ananipokonya kitu."

Fundi alilipokea hilo polepole. Aliigeuza kofia juu ya begi, ikatazama upande mwingine.

"Na bado umepanda ngazi zote hizi."

"Nimepanda. Na goti bovu."

"Kaka anajua?"

"Anajua. Anasema watu watasema nilikuwa nangoja mama afe."

"Na wewe unasemaje?"

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza hivyo. Alilitafuta jibu kama mtu anayepapasa swichi kwenye chumba cha wageni.

"Siku nyingine, nikiwa nimechoka sana, labda nilingoja. Na nilimpenda. Sijui kama mtu anaweza kufanya yote mawili."

"Anaweza," Fundi alisema. 

Upepo wa mto ulipanda ngazi, ukapita katikati yao, mahali palipobaki wazi.

"Treni yangu haijaondoka," alisema baadaye, akiyatazama magoti yake. "Nilikwambia ukija nimejibiwa. Nilikuwa najifanya jasiri. Nataka kulisikia, Dirisha. Kwa sauti yako."

"Nataka kuishi na wewe," alisema. Maneno yalitoka makavu, bila pambo, akaona yanatosha. "Sijui nitaweza vipi. Nitaamka usiku kukupimia pumzi. Nitakupulizia chai. Lakini ndiyo."

Fundi alifumba macho. Alipoyafumbua alikuwa amesogea, ile nafasi ya mtu mmoja haikuwepo tena, na bega lake lilikuwa la joto kama chumba kile cha juu. Hakumkumbatia. Watu walikuwa wengi, na wote wawili walikuwa wamelelewa.

"Umekula?" aliuliza.

Dirisha alifungua mdomo amjibu kwamba ndiyo, ameshakula, asijisumbue. Swali hilo lilikuwa lake. Alikuwa ameliuliza asubuhi, mchana na jioni, kwa miaka, kwenye mlango wa chumba chenye harufu ya dawa, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyegeuka akamuuliza yeye.

"Sijala," alisema, na kilio ambacho hakikumtoka mazikoni, wala siku alipozikunja shuka, kikamtoka hapo ngazini, mbele ya wageni na kamera zao. Fundi hakumwambia anyamaze. Alilichukua begi kutoka mapajani mwake, akaliweka juu ya lake, akangoja.